Tujihadhari na Barua za Kazi za Uongo

Somo: 2 Wathesalonike 2:1-2 na 3:6-17, Yoshua 9:3-18



Nawasalimu nyote mlioko hapa Giheke, pamoja na ndugu zetu wa Kamembe, Nyarushishi na Kiziba ambao ukurasa huu huwafikia kwa mkono wa wasafiri. Mwezi huu nimeombwa na wazee niandike juu ya barua pepe za kazi zinazowafikia vijana wetu. Nimekubali, lakini itanibidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, Jumapili moja, kijana wa kwaya yetu alisimama wakati wa ushuhuda akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa barua pepe aliyoichapisha katika duka la intaneti pale Kamembe. Ilimwambia kwamba amechaguliwa kufanya kazi ya ghala katika shirika kubwa la misaada huko Kanada, mshahara dola 3,400 kwa mwezi, nyumba bure, na kwamba baada ya miezi sita anaweza kuwaita wazazi wake na wadogo zake. Juu kulikuwa na nembo ya rangi, chini sahihi ya wino wa bluu na muhuri wa duara. Kanisa lilipiga vigelegele. Mama yake alicheza mpaka mbele. Nami, mchungaji wenu, niliipokea ile karatasi, nikaiweka juu ya meza ya Bwana, nikaiwekea mikono yangu, nikamshukuru Mungu aliyefungua mlango.

Sikuuliza hata swali moja.

Siku chache baadaye walimtaka atume dola 180 za kibali cha kazi. Mama alizitoa katika pesa za kikundi, zile ambazo huku huitwa ikimina na kwetu tulikuwa tunaziita likelemba. Kisha wakaomba za daktari. Mbuzi wawili wakauzwa. Kisha wakaomba za bima ya safari, na hizo alikopa kwa watu watatu wa kanisa hili hili, ambao walimkopesha kwa moyo mweupe kwa sababu walikuwa wameona mchungaji akiiombea ile barua. Baada ya malipo ya tatu ile namba ya simu haikupatikana tena. Kijana hakuja kanisani kwa muda wa miezi miwili. Mama yake bado analipa deni la kikundi kila juma kwa kuuza mboga.

Kijana huyo ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisitaje jina lake.

Wapendwa, barua ya uongo si jambo lililoanza na kompyuta. Kanisa la Thesalonike lilisumbuliwa nalo. Ukisoma sura ya pili ya waraka wa pili utaona Paulo anawaonya wasifadhaike kwa barua inayodaiwa kuwa ni yake na ya wenzake. Mtu alikuwa ameazima jina la mtume, au walau Paulo aliona kwamba jambo hilo lingeweza kutokea. Naye alifanya nini? Hakuwaambia wasisome barua tena. Katika sura ya tatu, mstari wa kumi na saba, aliwapa alama ya kutambulia: salamu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, ambayo ndiyo ishara katika kila waraka wake. Yaani mtume wa Bwana hakuona vibaya watu kuchunguza kama barua yake ni yake kweli. Basi shirika la kweli, au mwajiri wa kweli, hatachukia ukimchunguza. Anayekasirika ukiuliza, huyo mtazame vizuri.

Na angalieni jambo jingine katika waraka huo huo. Sura inayozungumza juu ya ishara ya barua ndiyo inayozungumza pia juu ya kazi. Paulo anakumbusha kwamba yeye na wenzake walifanya kazi usiku na mchana ili wasimlemee mtu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwaambia vijana wetu kwamba kutamani kazi ni tamaa ya dunia. Wapo wanaohubiri hivyo, nami sikubaliani nao. Baba aliyekuwa mwalimu kule Uvira, ambaye leo anangoja mgawo, hatendi dhambi akitaka kula jasho lake. Ni njaa ya haki. Mdanganyifu anaijua njaa hiyo kuliko sisi tunavyodhani, na ndiyo maana humwandikia mkimbizi kwanza.

Anajua pia majira. Wengi wetu tulikuwa na mafaili ya kwenda Marekani. Wengine walikuwa wamekwisha kufanya mahojiano na kupimwa na daktari. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi kuanzia tarehe 27 ya mwezi huo, na familia zilizokuwa zimefunga mizigo zikaifungua tena. Mlango wa kweli ukifungwa, watu wenye milango ya kuuza huongezeka. Mtu aliyengoja miaka ishirini akiandikiwa kwamba safari ni mwezi ujao, moyo wake hutangulia mbele ya macho yake.

Sasa tufungue Yoshua sura ya tisa. Wagibeoni walikuwa majirani wa karibu, lakini walitaka waonekane wametoka nchi ya mbali. Wakachukua magunia makuukuu, viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa, viatu vyenye viraka, nguo zilizochakaa, na mkate uliokauka na kuingia ukungu. Kila kitu kilikuwa ushahidi! Waisraeli hawakuwa wajinga. Mstari wa saba unaonyesha kwamba walishuku, wakasema huenda hawa wanakaa kati yetu. Yoshua mwenyewe aliwauliza ni nani na wametoka wapi. Lakini jibu walilitafuta wapi? Kwa wale wale wageni! Wakautazama mkate, wakapokea chakula chao, wala hawakutaka shauri kwa Bwana. Siku tatu baadaye, agano limekwisha kufanywa kwa kiapo, wakasikia kwamba wageni wale ni watu wa jirani.

Kosa hilo ndilo langu. Niliutazama muhuri, nikaona unafanana na mihuri. Kumbe muhuri si kitu. Katika 1 Wafalme 21 Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu akazitia muhuri wa mfalme, na muhuri ulikuwa wa kweli kabisa, ila maneno yalikuwa ya uongo, na Nabothi akapigwa mawe kwa ajili ya barua hizo. Siku hizi haihitaji hata kuiba muhuri. Nembo ya UNHCR, ya Msalaba Mwekundu, ya ubalozi wowote, mtoto wa shule anaweza kuichukua kwenye intaneti na kuibandika juu ya karatasi kwa dakika moja. Na zamani tulikuwa tunawatambua kwa Kifaransa kibovu au Kiingereza cha kuvunjika. Leo kuna programu za kompyuta zinazowaandikia lugha safi kuliko ya katibu wa mkoa. Alama hiyo msiitegemee tena.

Basi alama ni zipi? Ya kwanza ni pesa, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Umoja wa Mataifa umetangaza wazi kwamba hautozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri mtu: si kwa kuomba, si kwa mahojiano, si kwa kushughulikia karatasi, si kwa mafunzo. Wala haujishughulishi na akaunti ya benki ya mwombaji. UNHCR inasema vivyo hivyo juu ya kazi zake, na huduma zake kwa wakimbizi, pamoja na kupelekwa nchi ya tatu, ni bure. Akija mtu, hata kama ana kitambulisho shingoni, akataka pesa kwa jambo hilo, ni mwizi. Je, na kampuni za Kanada? Kule, kwa kazi nyingi, mwajiri anayetaka kumleta mgeni kutoka nje huomba kwanza ruhusa kwa serikali yake, na ada ya ruhusa hiyo, dola 1,000 za Kanada, analipa mwajiri mwenyewe. Anakatazwa kumdai mfanyakazi pesa hiyo. Ni kweli kwamba visa ina ada ambayo mara nyingi msafiri hulipa, lakini hiyo hulipwa kwa serikali yenyewe kwa njia yake rasmi. Hailipwi kwa MoMo ya mtu anayeitwa wakili.

Mwajiri anakulipa wewe. Ikiwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi wewe ndiwe unayemlipa, kazi imegeuzwa miguu juu kichwa chini.

Alama ya pili ni anwani. Jina linaloonekana juu ya barua pepe mtu huliandika apendavyo. Anaweza kuandika Kamishna Mkuu wa Wakimbizi na asiwe yeye. Tazameni maneno yaliyo baada ya ile alama ya herufi a iliyozungushiwa mviringo. Barua ya UNHCR humalizika kwa unhcr.org, basi. Ikiwa imemalizika kwa gmail.com, au jina la UNHCR limeunganishwa kwa kistari na neno jingine, au limefuatwa na herufi nyingine nyuma yake, iacheni. Barua ya kijana wetu ilimalizika kwa neno linalofanana sana na jina la lile shirika, ila herufi moja ilikuwa imerudiwa mara mbili. Watu mia mbili tuliishangilia, hakuna aliyeiona. Na hata anwani ikiwa sawa, bado inaweza kuigizwa. Kwa hiyo msibonyeze kilichoandikwa ndani ya barua. Fungueni wenyewe tovuti ya shirika, mtafute kama kazi hiyo imetangazwa pale.

Kisha jiulize swali ambalo hata mtoto wa Shule ya Jumapili angeliuliza: je, niliiomba kazi hii? Kijana wetu hakuwa ameiomba. Hakuna aliyemhoji, hakuna aliyemuuliza kama anajua kubeba gunia. Alichaguliwa na watu wasiomjua kwa kazi asiyoiomba.

Na alama ya mwisho, ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko zote, ni siri na haraka. Lipa kabla ya saa kumi leo. Usimwambie mtu, nafasi ni chache, wenzako watakuonea wivu. Nehemia sura ya sita: maadui walimtumia ujumbe mara nne ashuke akutane nao katika bonde la Ono, naye mara nne akawajibu vile vile kwamba ana kazi, hawezi kushuka. Hakuona haya kukataa jambo lile lile mara nne. Wapendwa, sisi tumezoea siri kwa sababu siri ilituokoa njiani; tulivuka usiku, tulinyamaza vizuizini, tulificha majina. Mdanganyifu anaitumia desturi hiyo juu yetu. Lakini kazi ya halali haihitaji kufichwa kwa mama yako mzazi.

Neno moja juu ya karatasi zetu. Wengi hudhani kwamba wasipotuma pesa hawajapoteza kitu. Sivyo. Picha ya kitambulisho cha mkimbizi, cheti cha kuandikishwa, majina ya wazazi na kijiji ulichozaliwa, ukivituma kwa mtu usiyemjua, anaweza kufungua laini ya simu au kukopa kwa jina lako, na kesho kumdanganya mwingine akiwa amevaa uso wako. Tena wako kati yetu watu waliokimbia kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anawatafuta. Huyo asimwambie mgeni wa kwenye simu kwamba sasa anakaa wapi.

Sasa nisikilizeni juu ya wale ambao hawakupoteza pesa tu. Kati ya Thailand na Myanmar uko mto unaoitwa Moei. Ni mpaka, kama Rusizi yetu ilivyo mpaka. Ng'ambo yake, karibu na mji wa Myawaddy, yamejengwa maboma yenye kuta na walinzi wenye silaha. Moja linajulikana kwa jina la KK Park. Vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na nchi nyingine nyingi waliahidiwa kazi ya kuuza bidhaa, ya kompyuta au ya ualimu huko Thailand. Walipofika walivushwa mto, pasipoti zikachukuliwa, wakawekwa mbele ya kompyuta na kulazimishwa kuwaandikia watu wa mbali na kuwalaghai pesa zao. Asiyefikisha kiasi alipigwa, wengine kwa umeme. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwezi wa Agosti 2023 kwamba walioshikwa hivyo huenda walifika watu 120,000 katika Myanmar na karibu 100,000 katika Kambodia. Mwanzoni mwa 2025 watu zaidi ya 7,000 walitolewa katika maboma ya Myawaddy, na wengi wao walikaa majuma mengi mpakani wakingoja nchi zao ziwapokee.

Niliposoma habari hizo nilikaa kimya muda mrefu. Maana yake ni kwamba yule anayekuandikia barua ya uongo usiku huu huenda mwenyewe aliletwa pale kwa barua ya uongo, na kuna mtu amesimama nyuma yake na fimbo. Si wote, wengine ni wezi wa kawaida wenye shibe. Lakini tangu hapo nimebadilisha maombi yangu. Zamani niliomba Mungu awaaibishe waliomwibia kijana wetu. Siku hizi naomba pia wafunguliwe, ikiwa wamefungwa. Ni maombi magumu kwa mtu anayemwona mama yule na karai lake la mboga kila asubuhi. Sisemi kwamba nimeyaweza.

Kwa aliyekwisha kulipa: usitume tena. Watakuambia ile ya mwisho ndiyo itakayofungua zote, na ukikataa watatisha. Usizifute barua wala ujumbe wa malipo, maana huo ndio ushahidi. Ipigie kampuni ya simu upesi, pengine pesa bado haijatolewa. Kisha nenda katika kituo cha RIB au piga 166, ni bure. Sheria ya Rwanda ya makosa ya mtandao ipo tangu 2018, na mkimbizi ana haki ya kushitaki kama mtu mwingine. Na akitokea mwingine baadaye akisema anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada kidogo, jua ni wale wale, au ndugu zao.

Kwa aliye na kiu ya kazi: serikali ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Najua mtaniambia kwamba kuchuma chai Shagasha au kulima mpunga Bugarama hakulipi dola 3,400. Ni kweli. Sina la kuwajibu hapo, nami sitawadanganya kwamba ninalo. Naweza kusema tu kwamba wanaochuma chai hapa jioni hulala nyumbani kwao.

Nirudi kwa Yoshua, kwa sababu kuna jambo tusilipite. Walipogundua kwamba wamedanganywa, mkutano wote uliwanung'unikia wakuu. Hawakumnung'unikia mtu mdogo. Waliodanganywa walikuwa wakuu, na Yoshua akiwamo, mtu aliyevusha watu Yordani. Lakini sisi tulifanya nini hapa? Kijana alipoibiwa, maneno yalianza kisimani. Wengine walimwita Kanada. Hata watoto walimwita hivyo. Ndugu zangu, ile miezi miwili aliyokosa kanisani haikuletwa na wezi peke yao. Wezi walichukua pesa. Sehemu nyingine tuliichukua sisi. Na mwenye makosa ya kwanza alikuwa mimi niliyeibariki barua bila kuisoma, wala hakuna aliyenitania kisimani. Nimemwomba msamaha mbele ya wazee, na hapa naandika tena ili kila mtu asome: nilikosa. Jina lile la utani lisitamkwe tena katika mtaa huu.

Na kwa kuwa kuna dada mmoja ambaye mwezi uliopita alilipa kidogo kidogo kwa siri, akaogopa kuniambia hadi akaugua, naona wazi kwamba aibu ndiyo inayowapa hawa watu nafasi ya kuomba malipo ya pili na ya tatu. Kama yule kijana angeweza kuja kwangu baada ya malipo ya kwanza bila kuogopa kuchekwa, mbuzi wale wangekuwapo.

Wazee wamekubaliana hivi. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, kabla ya mazoezi ya kwaya, patakuwa na meza upande wa dirisha ndani ya kanisa. Mwenye barua ya kazi, ya masomo au ya safari, iwe kwenye simu au kwenye karatasi, ailete isomwe na watu wawili pamoja naye kabla hajatuma chochote. Hatutauliza umelipa kiasi gani, ila ukitaka kusema mwenyewe. Mmoja wa watakaokaa pale ni dada yetu anayefanya kazi katika duka la intaneti. Mwingine ni yule kijana. Amejitolea mwenyewe, anasema anazijua barua hizo sasa kuliko sisi wote. Simu ziwe na chaji, maana umeme wa kanisa mnaujua.